Shimo Moja Halifanyi Mgodi

Mwezi Januari mwaka 2024 bei ya ratili moja ya urani ilipita dola 100 za Kimarekani, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 15. Tangu hapo mashine za kuchoronga miamba zimerudi katika mabonde yaliyokuwa yamesahauliwa, na magazeti yamejaa habari za matokeo ya utafiti: shimo fulani limekuta mita kadhaa za mwamba wenye urani, shimo jingine limekuta zaidi. Habari hizo husomwa kambini na katika vituo vya polisi kama zisomwavyo kwingineko, na mara nyingi askari huuliza swali moja: Je, ni kweli kwamba nchi fulani imekwisha kuwa tajiri?

Tumeona yatupasa kulijibu swali hilo kwa utulivu, kwa sababu askari si msomaji wa kawaida wa habari hizi. Mashine ya kuchoronga inapofika porini, haichukui muda kabla ya askari kufika karibu nayo, ama kulinda njia, ama kulinda kambi, ama kutuliza ugomvi wa ardhi. Mlinzi asiyejua anachokilinda ni rahisi kudanganywa, na aliyedanganywa ni rahisi kununuliwa.

Tuchukue mfano wa Kayelekera, katika wilaya ya Karonga, kaskazini ya Malawi, si mbali na mpaka wa Tanzania. Urani ya mahali hapo imo ndani ya mawe ya mchanga ya zama za Karoo, yaliyojengeka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Maji yaliyoyeyusha urani yalipita katika mchanga huo. Yalipokutana na mabaki ya mimea na madini ya chuma yenye kiberiti, urani ikaganda na kubaki. Mawe ya namna hiyo yapo pia katika bonde la Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, Tanzania, ambako mtambo wa majaribio ya kusafisha urani ulizinduliwa mwaka 2025. Kwa hiyo jambo tunalolieleza si la nchi moja peke yake.

Uchorongaji ni kazi gani? Ni kutoboa ardhi kwa bomba la chuma ili kujua kilichomo chini bila ya kuifukua yote. Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza huponda mwamba na kuupandisha juu kwa nguvu ya hewa ukiwa vipande vidogo vidogo. Ni ya haraka na gharama yake ni nafuu. Ya pili hukata mwamba kwa kekee yenye almasi na kuutoa mzima, kama mti wa muhogo, ukapangwa katika masanduku kwa mfuatano wa kina chake. Njia hii ni ghali, lakini mtaalamu huona kwa macho yake jinsi tabaka zilivyolaliana.

Sisi wanajeshi tunayo lugha ya kulielewa jambo hili. Shimo la uchorongaji ni doria ya upelelezi iliyopelekwa chini ya ardhi. Doria hurudi na taarifa, nayo taarifa ya doria si ushindi wa vita. Kamanda mwenye busara huuliza: Ni nani aliyeona? Aliona mahali gani? Aliona kwa macho yake au alisikia kishindo tu? Na ni doria ngapi nyingine zilizopelekwa upande huo zikarudi bila kuona kitu? Maswali hayo hayo ndiyo yapaswayo kuulizwa kila inapotangazwa kwamba urani imepatikana.

Swali la kuona au kusikia kishindo lina uzito wa pekee katika urani. Baada ya shimo kutobolewa, wataalamu huteremsha ndani yake chombo cha kupima mionzi, na usomaji wake hugeuzwa kwa hesabu kuwa kiasi cha urani. Lakini chombo hicho hakiisikii urani yenyewe hasa. Husikia zaidi mionzi mikali ya vizalia vyake, yaani elementi nyingine zinazotokana na urani inapojivunja polepole kwa mamilioni ya miaka. Ikiwa maji ya ardhini yameihamisha urani na kuviacha vizalia vyake nyuma, chombo kitapiga kelele mahali ambapo mwenye mali amekwisha kuhama. Ndiyo sababu matokeo ya chombo hicho hutangazwa kwa jina la kiasi kinacholingana na urani, wala si urani iliyothibitishwa. Uthibitisho hutoka maabara, baada ya sampuli za mwamba kusagwa na kupimwa.

Hali kadhalika na idadi ya mashimo. Katika chuo cha maofisa wanafunzi tulifundishwa kutafuta mahali tulipo kwa dira na ramani. Alama moja ya ardhi, kama kilele cha mlima, haikuambii ulipo. Inakupa mstari tu, nawe unaweza kuwa popote juu ya mstari huo. Alama ya pili inakupa makutano. Alama ya tatu ndiyo inayokagua kama hukukosea. Kuruta aliyechukua alama moja akatangaza kwamba amejua alipo, alikuwa akichekwa na kikosi kizima. Basi shimo moja ni alama moja. Mpaka mashimo yapigwe kwa mpangilio, kwa umbali unaojulikana, pande zote, ndipo mtaalamu aweze kusema kwamba urani hii imeshikamana kutoka shimo hadi shimo, na kwamba uzito wake ni kiasi fulani.

Tena yako mambo mawili ambayo msomaji asiyeangalia huyaruka. La kwanza ni mshazari. Shimo lililopigwa kwa kuinama hupita ndani ya tabaka kwa urefu mkubwa kuliko unene halisi wa tabaka hilo, kama mtu akataye mkate kwa mshazari akajiona amepata kipande kikubwa. La pili ni wastani. Mita moja yenye urani nyingi sana ikichanganywa na mita tisa za mwamba mtupu, huzaa mita kumi zinazopendeza kwenye karatasi. Hakuna uongo hapo ikiwa yote yameelezwa wazi. Lakini kichwa cha habari hakina nafasi ya kueleza yote.

Na wingi wenyewe je? Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tangazo linasema gramu 800 kwa tani. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia mia. Kutoka katika magunia kumi ya mawe, yaliyokwisha kulipuliwa, kubebwa, kusagwa na kulowekwa katika asidi, unatoka unga usiofikia kilo moja. Mawe mengine yote hubaki, pamoja na maji yake machafu, na ni lazima yatunzwe kwa miaka na miaka. Kwa hiyo bei ya dizeli, bei ya asidi, barabara na umeme vina nguvu ya kuamua kama mgodi utaishi, sawasawa na vile urani iliyomo ndani ya mwamba ilivyo na nguvu hiyo.

Historia ya Kayelekera inathibitisha haya. Urani yake iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na shirika la umeme la Uingereza la wakati ule, Central Electricity Generating Board. Mashimo yalichorongwa, sampuli zikapimwa, hesabu zikafanywa. Na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaonekana kwamba kwa bei ya wakati huo mgodi hautalipa. Watafiti wakaondoka. Urani haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni bei. Mwaka 1998 kampuni ya Australia iitwayo Paladin ikaingia, mwaka 2007 ikapewa leseni ya kuchimba, na mwezi Aprili 2009 mgodi ukafunguliwa rasmi na Rais Bingu wa Mutharika. Tangu shimo la kwanza hadi ufunguzi, zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita. Mtoto aliyezaliwa Karonga mashine za kwanza zilipokuwa zikinguruma, alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Halafu mwezi Machi 2011 tetemeko la ardhi na mawimbi ya bahari yaliharibu mitambo ya nguvu za nyuklia ya Fukushima, Japani. Nchi mbalimbali zikasimamisha mitambo yao, na bei ya urani ikaanguka. Mwezi Februari 2014, miaka mitano tu baada ya sherehe za ufunguzi, ilitangazwa kwamba uzalishaji wa Kayelekera unasimamishwa. Mamia ya wafanyakazi walipoteza kazi. Hata hivyo gharama hazikusimama: maji yaliyokusanyika katika eneo la mgodi yaliendelea kuhitaji kusafishwa kabla ya kuachiliwa kwenda mto Sere, ambao maji yake hatimaye huishia Ziwa Malawi. Ni mwaka 2025 tu ambapo mgodi huo, chini ya wenyewe wapya, ulianza tena kuzalisha.

Tusisahau pia masharti. Kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 2007, Serikali ya Malawi ilipata asilimia 15 ya hisa za mradi, na kwa upande wake ikapunguza mrabaha kutoka asilimia 5 hadi asilimia 1.5 kwa miaka mitatu ya mwanzo, na asilimia 3 baada ya hapo. Kodi ya faida ya kampuni nayo ikashushwa. Kama mapatano hayo yalikuwa mema au mabaya, Wamalawi wenyewe wamelijadili kwa muda mrefu. Sisi tunachotaka kuonyesha ni kwamba kati ya shimo la uchorongaji na mfuko wa mwananchi kuna milango mingi: bei ya dunia, gharama, mkataba, kodi, na uangalizi wa mazingira. Mlango mmoja ukifungwa, utajiri hubaki kuwa habari ya gazetini.

Sasa tugeukie wajibu wetu. Mlinzi wa kambi ya utafiti hulinda nini? Wengi watajibu: mashine, mafuta na magari. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Kitu chenye thamani kuliko vyote katika kambi hiyo ni masanduku ya sampuli, kwa sababu ndiyo ushahidi, nao ushahidi ukichezewa kila kitu kinachofuata ni uongo.

Polisi watalielewa jambo hili upesi, kwa maana kielelezo kilichoguswa na mikono isiyojulikana hakina nguvu mahakamani. Ulimwengu wa madini umekwisha kuona matokeo yake. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza dhahabu nyingi ajabu huko Busang, katika kisiwa cha Borneo, Indonesia. Thamani ya hisa zake sokoni ikafika dola za Kikanada bilioni kadhaa. Mwaka 1997 wachunguzi wengine walipochoronga kando ya mashimo yale yale, hawakukuta dhahabu ya maana. Sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa vumbi la dhahabu kutoka nje. Isitoshe, badala ya miamba kupasuliwa na nusu yake kuhifadhiwa ghalani, karibu yote ilisagwa, hata usibaki ushahidi wa kurudia. Watu wa kawaida waliokuwa wameweka akiba zao za uzeeni humo walipata hasara kubwa. Ni baada ya kashfa hiyo ambapo Kanada, mwaka 2001, iliweka kanuni kali za kutangaza matokeo ya utafiti wa madini.

Kwa hiyo askari anayelinda ghala la sampuli asidhani amepewa zamu ya kulinda mawe. Aandike kila anayeingia na kila anayetoka. Asiruhusu sanduku kufunguliwa usiku na mtu asiye na idhini, hata kama mtu huyo ni mkubwa, ana gari zuri na anamwita mkuu. Amri halali huandikwa, na aliyeitoa haoni haya kutia sahihi.

Pili, ulimi. Matokeo ya uchorongaji yasiyotangazwa bado yana bei. Yupo atakayekuja kambini akiwa na chupa ya kinywaji na maneno matamu, akitaka kujua tu kama wataalamu wanacheka au wamenuna. Anataka kununua hisa kabla ya wengine, au kununua ardhi ya maskini kabla maskini hajajua kilichomo chini yake. Askari anayempa habari hiyo amemuibia jirani yake, ingawa mikono yake haikushika kitu.

Tatu, wananchi. Mashine inapoingia katika bonde, wenyeji huwa na maswali yao: Je, tutahamishwa? Maji ya kisima chetu yataingia sumu? Mbona mmeweka kamba njia ya ng'ombe? Maswali hayo si uchochezi. Shimo linalopenya tabaka za mawe ya mchanga zilizojaa maji laweza, lisipozibwa vizuri kazi ikiisha, kuchanganya maji mabaya na mema. Mzee anayetaka maji yake yapimwe kabla ya kazi kuanza, ili yapimwe tena baadaye na kulinganishwa, ameomba jambo ambalo mtaalamu yeyote wa kweli angeliomba. Askari asiyejua jibu asitunge uongo wa kutuliza, wala asijibu kwa kitako cha bunduki. Aseme: Baba, sijui, lakini nitafikisha swali lako kwa mwenye kujua. Kisha alifikishe. Maneno hayo machache yamezuia ghasia nyingi kuliko mabomu ya machozi.

Nne, afya ya askari mwenyewe. Uvumi wa kambini una pande mbili, na zote mbili ni mbaya: mmoja husema kwamba ukiikaribia urani unakufa papo hapo, mwingine husema kwamba ni jiwe tu kama mawe mengine. Ukweli uko katikati. Mionzi ya mwamba wenye urani kidogo, kwa mtu apitaye, ni hafifu. Hatari iko katika kuvuta vumbi lake, kulimeza pamoja na chakula, na kukaa muda mrefu mahali pasipopita hewa, ambapo gesi ya radoni hujikusanya. Kwa hiyo askari asilale ndani ya ghala la sampuli hata kama mvua inanyesha. Asile wala kuvuta sigara humo. Anawe mikono kabla ya kula. Asichukue jiwe kuwa ukumbusho wa kuwapelekea watoto. Kamanda naye ahakikishe kwamba zamu zinabadilishwa na kwamba vipimo vya mionzi vinasomwa na kuandikwa. Askari ana haki ya kuyajua matokeo ya vipimo hivyo, maana mwili ni wake.

Tano, matapeli. Popote urani inapotajwa, hutokea watu wenye masanduku mazito wakinong'ona kwamba wana urani ya kuuza kwa mamilioni. Askari na polisi wamo miongoni mwa wanaofuatwa, ama wawe wanunuzi, ama wasindikizaji. Na ijulikane kwamba urani ya asili, kama itokavyo ardhini, ina chini ya sehemu moja katika mia ya ile aina inayopasuka kwa urahisi kutoa nguvu. Haiwezi kufanywa bomu mkononi mwa mtu wa sandukuni. Biashara halali ya urani hufanyika kwa leseni, kwa mikataba ya serikali na makampuni, na chini ya uangalizi wa kimataifa. Bara letu zima lina mkataba wake wa Pelindaba unaolifanya liwe eneo lisilo na silaha za nyuklia, nao ulianza kutumika mwezi Julai 2009 baada ya Burundi kuwa nchi ya 28 kuuridhia. Mwenye sanduku, basi, ni tapeli au ni mhalifu, na hakuna njia ya tatu. Mahali pake ni kituoni.

Wala tusiidharau urani kwa sababu hiyo. Afrika ya Kati yajua uzito wake. Mbale za Shinkolobwe, Katanga, zilikuwa tajiri kupita kiasi, na ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Watu waliozichimba hawakuambiwa zinakwenda kufanya nini. Mgodi ule ulifungwa na mashimo yake kuzibwa karibu na uhuru wa mwaka 1960. Lakini wachimbaji wadogo waliingia tena kwa kutafuta kobalti, na mwezi Julai 2004 ardhi iliwaporomokea baadhi yao wakafa. Mwamba wenye utajiri mkubwa kuliko yote haukuwapa wenyeji utajiri, kwa sababu ukweli haukuwa mali yao.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Sisi hatupingi utafiti. Nchi isiyojua kilicho chini ya miguu yake haiwezi kupatana na mgeni kwa haki, na kila shimo linalochorongwa kwa uaminifu, hata lile lisilokuta kitu, huongeza elimu ya taifa. Tunachopinga ni kuhesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa, na kuwafanya wananchi wahame mashamba, wakope fedha na kugombana kwa ajili ya mgodi ambao pengine hautafunguliwa kabla ya wajukuu wao.

Askari atakayesoma kesho kwamba shimo fulani limekuta urani, na aisome habari hiyo kama asomavyo taarifa ya doria: kwa heshima, kwa makini, na kwa kusubiri alama ya pili na ya tatu. Na yule aliyeko zamu usiku huu katika lango la ghala la sampuli, peke yake, mvua ikimnyeshea, ajue kwamba daftari alilolishika ni sehemu ya mali ya nchi. Jina likiingia humo bila haki, au likikosekana humo kwa hongo, hakuna maabara itakayoweza kulisahihisha.